Migomba Isiguswe Mpaka Tufike

Daraja Mbili, Arusha
Jumatatu, mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Goti lako linasemaje? Umeweza kwenda kanisani Jumapili, au umesali ukiwa kitandani? Na mvua je, imeshuka ya maana au bado inawachezea? Sisi huku ni wazima: mimi, mume wangu Elibariki, na Baba. Baba nimemtaja wa mwisho makusudi, kwa sababu Alhamisi iliyopita zilipita saa sita ambazo nisingethubutu kukuandikia kwamba ni mzima. Sasa hivi amelala kwenye kiti pale mlangoni, kofia imemfunika uso, anakoroma. Kwa hiyo usishtuke. Soma taratibu mpaka mwisho.

Ila kabla hujaendelea, tafadhali mwite Deusi. Mwambie wale vijana wake wa kung'oa migomba wasiingie kwenye kibanja Jumamosi. Wasing'oe hata mgomba mmoja.

Najua nilikubali mwenyewe. Tulipanga watatu: Baba aje huku kutolewa mtoto wa jicho, akiwa huku kaka Deusi ang'oe migomba yote na kupanda mikaratusi, halafu mimi nimwambie Baba polepole kwamba hatarudi Kamachumu, atabaki kwangu. Nakumbuka ulivyolia kwenye simu, ukisema umechoka kumtafuta kwenye mvua, unamkuta kasimama migombani anaongea na watu waliokwisha kufa. Sikukulaumu siku ile na leo sikulaumu. Najilaumu mimi. Nilisema ndiyo upesi upesi kwa kuwa niko mbali na sikuwa mtu wa kuiona migomba ikianguka.

Ningekupigia, lakini simu yako inashinda mfukoni mwa Deusi na yeye ndiye anayekujibia. Mara mbili nimesikia "Mama amepumzika". Kwa hiyo naandika kwa mkono, na barua hii anakuletea Mwalimu Jovina, ambaye anarudi Muleba kesho. Nimemwapisha aiweke kwenye kiganja chako wewe, si cha mtu mwingine.

Sasa nikueleze.

Upasuaji wa jicho ulikwenda vizuri. Daktari wa kule Themi alipomfungua bandeji, Baba alinitazama kitambo, akasema, "Koku, umezeeka." Wauguzi walicheka mpaka wakashika ukuta. Nilinuna siku nzima, lakini moyoni nilifurahi, maana ameona. Amepewa miwani myeusi ya kuvaa nje, na anaivaa hata akila.

Nilitaka aupende mji huu, Mama. Nilikuwa najua nimepanga kumfungia humu, kwa hiyo nilihangaika kama mtu anayepamba chumba cha mgeni ambaye hajaambiwa atalala siku ngapi. Kila siku nilikwenda naye kwenye meza yangu ya matunda sokoni Kilombero. Alishika kila kitu. Parachichi za Meru, mapapai, mapesheni, matunda damu ambayo alidhani ni nyanya mbovu, mahindi mabichi ya Kikwe. Baba alimuuliza kila muuzaji, "Hili limezaliwa wapi? Udongo wa huko ukoje?" Walimpenda, wakamwita Babu wa Bukoba. Jumapili moja Elibariki alitupeleka kwenye barabara ya kuelekea hifadhini. Twiga alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka tulipo. Baba akamwangalia juu mpaka chini, akauliza, "Huyu anakula migomba?" Elibariki akasema hapana, Baba akageuka zake. Mbega ndio waliomshika moyo, wale wenye mikia mirefu myeupe. Aliwatazama juu ya miti mpaka shingo ikamuuma, na akaniambia kwamba ni miaka hajaona kitu cheupe kikawa cheupe kweli.

Kwa hiyo nilianza kuamini mpango wetu ni mzuri. Nilijidanganya, lakini kwa raha.

Ikafika Alhamisi. Hiyo ndiyo siku ambayo Mama Anaeli huleta ndizi. Ni mjane wa Kimeru, ana shamba mlimani, na ndizi zake ndizo zinazonipa jina sokoni. Pikapu anayoikodi hushusha mzigo wa kwanza, hurudi mlimani kuchukua wa pili, na yeye hubaki akinunua mahitaji yake na kupiga soga mezani kwangu.

Asubuhi ile Baba alikuwa ameniita Agripina mara mbili, jina la marehemu shangazi. Sikumsahihisha, nikasema leo ni siku mbaya, nitamkalisha kwenye kreti nyuma ya meza. Alikaa. Halafu akainuka, akainama juu ya mkungu mmoja wa Mama Anaeli. Ndizi mbili tatu zilikuwa zimeanza kuwa njano na nyingine zote bado kijani kibichi. Akachuma moja, akaipasua kwa kucha, akaitazama ndani.

"Koku," akasema, "huyu ni mgonjwa."

Mimi nilikuwa nabishana na mnunuzi wa hoteli ambaye anataka kila parachichi liwe na kikonyo chake. Nikajibu bila kugeuka, "Baba, kaa kwenye kreti, tafadhali."

"Ni mgonjwa, na ndugu zake watakufa wote."

Unanijua mdomo wangu, Mama. Nilishikwa na aibu kwa kuwa mteja amesikia neno kufa karibu na matunda yangu. Nikafoka, "Baba, nimesema kaa!" Nilimfokea baba yangu mbele ya watu, kwa sauti ambayo sijawahi kumfokea mtu. Nilipomaliza na yule mteja nikageuka, kreti ilikuwa tupu.

Ilikuwa saa tatu. Mwanzoni sikuogopa, nilidhani amekwenda kujisaidia. Saa nne nilikuwa nakimbia bila viatu, maana ndala zilikatika kwenye nafaka na sikurudi kuziokota. Nilipita mitumba, nikapita kwa wauza nyama, nikapita stendi. Muuza dawa ya panya mwenye kipaza sauti alikatisha tangazo lake akamtangaza Baba: mzee mrefu, koti la kahawia, miwani myeusi, Kiswahili chake cha Bukoba. Mama Anaeli aliacha vitu vyake kwa jirani akazunguka na mimi, akimuuliza kila mama aliyekaa chini na beseni. Elibariki nilimpigia, akaacha kazi gereji kwao wanakotengeneza magari ya watalii, akaenda kutoa taarifa polisi. Mimi nikashuka mpaka mto Themi. Nilichungulia chini ya daraja, Mama. Nakuandikia hivyo ili ujue nilikofika.

Saa saba tulikuwa tumerudi mezani, nimekaa kwenye kreti ile ile ya Baba, nimeshindwa hata kulia. Simu ya Mama Anaeli ikaita. Akaongea Kimeru kwa muda, sauti ikipanda, kisha akaishusha simu na kunitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Wananiambia kuna mchawi shambani kwangu," akasema. "Mzee mgeni, kavaa miwani myeusi mchana kweupe. Ana kijiti chenye panda, anaingiza kwenye ua la mgomba, ananyonga, linaanguka. Ameshavunja upande mzima. Na mkwe wangu yuko pale ndani ana mimba ya miezi minane! Watu wamejaa, wamemfunga."

Wewe ungejua kama nilivyojua mimi. Nani mwingine katika mkoa huu anavunja ua la mgomba kwa kijiti cha panda? Mwaka ule mnyauko ulipoingia kwetu, bwana shamba alitufundisha sote, na wewe ulivunja mpaka mikono ikavimba. Panga linabeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba, kijiti hakibebi. Nyuki wanauchukua kwenye ua dume, kwa hiyo ua livunjwe mapema. Bukoba hata mtoto anajua hilo. Huku mnyauko hawajauona, na mzee mgeni anayenyonga maua kwenye nyumba yenye mjamzito hana jina lingine.

"Huyo ni baba yangu," nikasema.

Akarudi nyuma hatua moja. "Baba yako? Migomba yangu imemkosea nini?"

"Mama Anaeli, wapigie wasimguse. Nitakueleza njiani. Wapigie kwanza!"

Akapiga, mtandao ukakata. Akapiga tena, ukakata.

Elibariki alitufuata na gari la watalii alilokuwa analijaribu breki. Nikamuuliza mwenye gari atasemaje, akajibu, "Nitajieleza kesho." Tukapanda mlima na gari lenye paa wazi, mimi peku, Mama Anaeli na kapu la nyanya mapajani, na watoto wa barabarani wakitupungia mikono wakidhani tumebeba Wazungu. Njiani dereva wa pikapu akapatikana kwenye simu. Akasema ndiyo, yule mzee alipanda mbele asubuhi, akamwambia anakwenda shambani kuangalia migomba yake. Alidhani ni mgeni wa mwenye mzigo, akamshusha pale pale wanapopakia. Nilimweleza Mama Anaeli habari ya mnyauko, maneno yakinitoka ovyo. Sikujua kama ananiamini au anangoja tu tufike aone damu.

Tulimkuta amekaa chini, mikono imefungwa mbele kwa kamba ya mgomba mkavu. Kofia haipo, miwani imevunjika jicho moja. Maua yamelala kila mahali, mekundu ya zambarau. Watu kama wa msiba, lakini hakuna anayelia. Kijana mmoja wa ukoo wa marehemu mume wa Mama Anaeli alikuwa na fimbo, na ilikuwa imekwisha kumfikia Baba begani, niliona kwenye koti. Kilichomwokoa ni balozi wa nyumba kumi, mzee mfupi wa Kilutheri, ambaye alikuwa amesimama katikati akirudia neno moja tu, "Tumngoje mwenye shamba. Tumngoje mwenye shamba."

Na Baba, Mama, hakuwa na hofu hata kidogo. Aliponiona akasema kwa Kihaya, kwa sauti ya kazi, "Agripina, umechelewa. Upande huu nimemaliza. Mwambie mke wangu avunje wa nyuma ya nyumba, na huyu bwana shamba apewe maji ya kunywa." Bwana shamba aliyemsema ni yule balozi.

Hapo nikaelewa. Hakuwa Meru. Alikuwa kwetu, mwaka ule, na bado hatujapoteza kitu. Alikuwa anaokoa kibanja.

Nikapiga magoti. Tangu niolewe huku sijampigia mtu magoti, wenzangu wananicheka wakiona nakaribia kufanya hivyo, lakini siku ile miguu ilijikunja yenyewe. Nikapiga magoti mbele ya balozi, nikamwamkia kwa heshima zote nilizolelewa nazo, kisha nikageuka nikamwamkia Baba vile vile. Kelele zikapungua. Nadhani walishangaa kumwona mtu anamwamkia mchawi.

"Baba yangu ni mgonjwa wa kusahau," nikasema. "Lakini kazi hii hajaisahau. Kwetu migomba ilikufa yote kwa ugonjwa ambao aliuona leo asubuhi kwenye mkungu uliotoka hapa. Kateni mgomba mmoja muone. Kama ni uongo, sisi wote watatu tuko mikononi mwenu."

Elibariki akayarudia kwa Kimeru. Yule kijana wa fimbo akadakia kwamba tumekuja kumalizia uchawi. Mama Anaeli, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu tushuke, akamwambia, "Nipe panga."

Baba akapiga kelele: "Panga lichomwe kwanza! Msikate na panga ambalo halijachomwa!"

Manung'uniko yakaanza upya. Mzee mwenye kijiti, na sasa anataka moto! Yule kijana akanyanyua fimbo. Sijui ni nini kilinipata, Mama, nilijitupa juu ya Baba nikamkumbatia kichwa, na nikawa nangoja mgongo wangu upigwe. Balozi akaishika ile fimbo hewani. Mama Anaeli akaingia jikoni bila kumwangalia mtu, akalilaza panga kwenye moto wa kuni, akarudi nalo linafuka moshi. Akauchagua mgomba ambao majani yake yalikuwa yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto, akaukata shina.

Tukangoja. Kule kungoja kulikuwa kubaya kuliko daraja la Themi. Halafu pale kwenye jeraha vikaanza kutokeza vitone vya njano, vinene, kama usaha. Mama Anaeli akapasua na ndizi ya mgomba ule ule. Ndani ilikuwa ya rangi ya kutu.

Mama Anaeli akakaa chini pale pale kwenye majani, akashika kichwa. "Nimegawa machipukizi kanisa zima," akasema. Yule kijana akaweka fimbo chini, akaja akamfungua Baba kamba.

Baba akajipangusa. Akatazama huku na huku, akatazama mlima Meru juu ya migomba, akanitazama mimi. Nikaona anarudi.

"Koku," akasema, safari hii jina langu. "Hapa ni wapi?"

"Ni Meru, Baba. Shambani kwa Mama Anaeli."

Akatikisa kichwa. Halafu akauliza, "Na kwetu? Kwetu imepona?"

Mama, wewe ndiye uliyekuwa naye alipopanda upya, mgomba mmoja mmoja. Mimi nilikuwa huku naolewa. Nilimtazama, bega limevimba, miwani ya jicho moja, nikamjibu, "Imepona, Baba."

Ijumaa bwana shamba wa kata alikuja, akachukua vipande kwenda kuvipima. Amesema majibu bado, ila chipukizi lisitoke kijijini, na maua yavunjwe. Amewaonyesha jinsi ya kuvunja kwa kijiti. Mama Anaeli alimwambia wameshaonyeshwa. Jumamosi alikuja sokoni bila ndizi, akamletea Baba kofia mpya.

Nimeamua hivi. Keshokutwa Jumatano Baba anaonwa na daktari wa macho mara ya mwisho. Alhamisi alfajiri tunapanda basi, Ijumaa tutakuwa nyumbani. Najua umechoka, kwa hiyo simleti nikakutupia mlangoni. Meza yangu nimemwachia jirani, Elibariki ameridhia, nami nitakaa mpaka msimu wa senene uishe. Kumtafuta kwenye mvua kutakuwa kazi yangu, wewe utalala. Akizidiwa tutakaa chini sote na yeye mwenyewe akiwepo, tuongee.

Nisalimie Mjomba Felisiani na mwambie dawa yake ya kifua anayo Jovina. Nisalimie katekista na mkewe, na yule bibi jirani yetu wa bondeni, kama bado ana nguvu za kunitukana. Kaka Deusi msalimie pia. Mwambie sina ugomvi naye, na mikaratusi apande kule mlimani kwenye mawe. Akikataa, usibishane naye, toa kiti ukae katikati ya migomba. Hatakuhamisha.

Leo asubuhi Baba aliamka akili zimetulia kabisa. Alijua yuko Arusha, alijua mimi ni Koku, hata bei ya parachichi alinikosoa. Tukiwa tunakunywa chai akaniuliza tena, taratibu, kama mtu anayeogopa jibu, "Ulisema ya kwetu imepona?" Nikamwambia imepona. Nimeshamwambia mara mbili sasa, Mama. Nisaidie nisiwe nimemdanganya.

Mwanao anayekuja,
Koku